Kijiji kinaamua, serikali inalipa: mwongozo kamili wa kuomba fedha za LEADER

Majira yangu ya pili ya baridi huku Finland ya kati, bomba la jikoni katika jumba la kijiji lilipasuka kwa barafu. Jumamosi iliyofuata tulikaa watu kumi na mmoja kuzunguka meza, makoti mwilini, tukiulizana tufanye nini. Kwetu Morogoro ningejua pa kuanzia: kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha tungesubiri bajeti ya halmashauri. Huku mama mmoja alitamka neno moja tu, "Leader," na wenzake wote wakaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo nimeshiriki kuandika maombi matatu ya fedha za LEADER, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kusaidia miradi ya vijijini. Mawili yalipita, moja likakataliwa, na sasa niko upande wa pili wa meza, kwenye bodi inayochagua miradi. Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu wako Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania waliopata makazi katika miji midogo na vijiji vya Ulaya. Wana vyama vyao, kwaya zao, timu zao za mpira, lakini hawajui kwamba fedha hizi ni zao pia. Mifano yangu mingi ni ya Finland ninakoishi. Mfumo ni wa Umoja wa Ulaya mzima. Kinachobadilika ni majina ya ofisi na fomu.

Elewa kwanza nani ana mamlaka gani

LEADER ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yanayohusu kuunganisha shughuli za kukuza uchumi wa vijijini. Umoja wa Ulaya uliuanzisha mpango huu mwaka 1991 kwa majaribio, ukiwa na vikundi 217. Hadi wakati huo maendeleo ya vijijini yalikuwa yakipangwa na wizara kutoka mji mkuu, kila wizara na lake, na vijana wakaendelea kuhama. Wazo jipya lilikuwa kuwapa watu wa eneo lenyewe fungu la fedha na haki ya kuchagua wenyewe litumike wapi. Jaribio lilipita awamu tatu, na kuanzia mwaka 2007 likaingizwa ndani ya sera kuu ya maendeleo ya vijijini. Sasa kila nchi mwanachama inalazimika kutenga kwa ajili ya LEADER angalau asilimia 5 ya fedha inazopewa na Umoja wa Ulaya kwa maendeleo ya vijijini. Kati ya 2014 na 2020 vikundi vilizidi 2,700.

Kikundi cha LEADER ni chombo cha eneo moja. Kwa kanuni za 2014 hadi 2020, eneo lilitakiwa kuwa na watu kati ya 10,000 na 150,000. Ndani ya kikundi wamo halmashauri, vyama vya wananchi, wafanyabiashara na wakazi wa kawaida. Kanuni hizo zilisema hakuna upande wowote, hata serikali, utakaoshika zaidi ya asilimia 49 ya kura, na kwamba katika kuchagua miradi angalau nusu ya kura zitoke kwa wasio wa serikali. Kanuni za mwaka 2021, zinazotumika sasa, zinasema kwa ufupi zaidi: kundi moja la maslahi lisitawale maamuzi.

Finland ilichukua sharti hilo ikaligawa kwa theluthi. Theluthi moja ya bodi hutoka halmashauri, theluthi moja vyama na kampuni, na theluthi ya mwisho ni wakazi wasiowakilisha mtu yeyote ila kijiji wanachoishi. Mimi naingia kwa theluthi hiyo ya tatu. Naketi karibu na diwani, na kura yangu ina uzito sawa na yake.

Sasa ushike mpaka huu, kwa sababu utaurudia kila ukikwama. Kikundi kinaamua kama mradi unafaa. Ofisi ya serikali ya mkoa inakagua kama mradi ni halali: gharama zinaruhusiwa, mwombaji anastahili, taratibu zimefuatwa. Ofisi hiyo haina ruhusa ya kusema mradi wa kijiji chenu haiupendi. Na kikundi nacho hakina ruhusa ya kupitisha kilicho kinyume cha sheria, hata bodi nzima ikiunga mkono.

Hatua ya kwanza: tafuta kikundi chako na usome mkakati wake

Ingia kwenye tovuti ya mtandao wa taifa wa maendeleo ya vijijini, au nenda ofisi ya halmashauri uulize kikundi cha LEADER cha eneo lenu ni kipi. Mipaka ya vikundi haifuati mipaka ya mikoa kila mahali, kwa hiyo usikisie. Miji mikubwa kwa kawaida haimo.

Ukikipata, soma mkakati wake. Kila kikundi kinalazimika kuwa na mkakati ulioandikwa, unaoonyesha eneo na idadi ya watu, jinsi wananchi walivyoshirikishwa, mahitaji, malengo yanayopimika, na mpango wa fedha. Hiyo ndiyo hati bodi inayoishika mkononi siku ya kuamua. Nilipoanza niliupuuza, nikidhani ni kitabu cha kupamba kabati. Kumbe alama za kila mradi hutokana nao. Kama mkakati unataja vijana, maji safi ya maziwa na huduma za kijijini, na ninyi mnataka jiko la jumba la kijiji, basi jiko lenu ni suala la huduma za kijijini. Lieleze hivyo tangu sentensi ya kwanza, ikiwa ni kweli. Ikiwa si kweli, tafuta mfuko mwingine.

Hatua ya pili: hakikisheni mna mwili wa kisheria

Fedha za mradi wa jamii haziendi kwa mtu binafsi, zinakwenda kwa chama, ushirika, halmashauri, kanisa na mfano wa hao. Mfanyabiashara mdogo ana mlango wake, wa ruzuku ya biashara, nao una masharti mengine.

Finland kuanzisha chama ni rahisi. Watu watatu waliotimiza miaka 15 wanatosha kusaini hati ya kuanzisha, ila mwenyekiti kwa kawaida awe ametimiza miaka 18. Chama kikisajiliwa huweza kupata namba ya utambulisho, na bila namba hiyo mfumo wa maombi haukufungulii mlango. Pia mtu mmoja lazima apewe idhini rasmi ya kukisemea chama kwenye huduma za serikali za mtandaoni. Tulipoteza wiki tatu hapo kwa sababu mwenye idhini alikuwa mwenyekiti wa zamani aliyeshahama.

Kama chama chenu ni cha Waswahili peke yenu, fikirini kwa makini kuhusu kuungana na chama cha kijiji kilichopo. Sisemi hivyo kwa kuwanyenyekesha. Jumba, uwanja, leseni na historia wanavyo wao. Mikono, vijana na mapishi yanayojaza ukumbi mnavyo ninyi. Maombi yanayoonyesha watu wa aina mbili wakifanya kazi moja yana nguvu mbele ya bodi yoyote niliyowahi kuiona.

Hatua ya tatu: pigeni simu kabla ya kuandika

Kikundi cha LEADER kina wafanyakazi wachache wa kuajiriwa, mara nyingi meneja na mshauri mmoja au wawili. Kanuni zinaruhusu hadi asilimia 25 ya fedha za umma za mkakati zitumike kuendesha kikundi na kuhamasisha wananchi. Maana yake mshauri analipwa ili akusikilize. Humsumbui.

Andika ukurasa mmoja tu: tunataka nini, kwa nini, nani atafaidika, itagharimu kiasi gani. Mpelekee, kisha omba aje kijijini. Wetu alikuja akakagua lile jiko. Akagusa ukuta akasema tukirekebisha bomba bila kuziba baridi ukutani, miaka miwili tu tutamwita tena. Mradi ukakua kutoka bomba hadi ukuta, na ukawa mradi wa maana.

Mshauri huyo huyo ndiye aliyetuonya juu ya ombi letu la pili, nasi hatukumsikia. Tulitaka fedha za sherehe yetu ya kila mwaka ya katikati ya kiangazi. LEADER haigharimii shughuli ambayo chama kinaifanya siku zote. Inataka jambo jipya, au jambo la zamani lililopigishwa hatua. Ombi likakataliwa, na lilistahili.

Nchi nyingine zimeiweka hatua hii ya kuuliza kabla ya kuandika kuwa sharti. Ireland, kwa mfano, huanza na fomu fupi ya kuonyesha nia, na anayekidhi vigezo ndiye anayeitwa kuandika ombi kamili.

Hatua ya nne: bajeti, na thamani ya jasho

Hapa ndipo nakaa zaidi, maana ndipo miradi mingi ya wageni inapofia.

Ruzuku karibu kila mara haifikii asilimia mia ya gharama. Sehemu iliyobaki mnaitoa ninyi. Katika kipindi cha 2014 hadi 2020, fedha za umma za LEADER Finland zilitoka mifuko mitatu: Umoja wa Ulaya asilimia 42, serikali kuu asilimia 38, na halmashauri za eneo asilimia 20. Juu ya hizo, mwombaji aliongeza sehemu yake.

Lakini sehemu yenu si lazima iwe fedha taslimu tupu. Wafini wana jambo linaloitwa *talkoot*. Ukitoka Tanzania utaliita msaragambo, ukitoka Kenya utaliita harambee ya nguvu kazi. Watu wanakusanyika, wanafanya kazi bila malipo, wanakula pamoja, wanarudi makwao. Mfumo wa LEADER unaikubali kazi hiyo kama mchango wenye bei. Katika kipindi kile saa moja ya mtu ilihesabiwa euro 15. Fanya hesabu: watu 12, saa 6, Jumamosi tatu, ni saa 216, sawa na euro 3,240 ambazo chama hakikuzitoa benki. Bei ya saa na kiwango kinachoruhusiwa hubadilika kila kipindi na kila nchi, kwa hiyo muulize mshauri kabla ya kuingiza kwenye bajeti.

Sharti ni ushahidi. Sisi tulitundika daftari kwenye msumari karibu na mlango wa jiko, kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi. Kila aliyeingia aliandika jina, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kazi aliyofanya, kisha saini. Jumamosi ya kwanza mzee mmoja aliyebomoa sakafu kutwa nzima aliandika "siku nzima, sakafu." Mkaguzi hakuzikubali saa zake. Haikuwa kwamba hakumwamini. Maneno "siku nzima" hayana idadi. Niliona uchungu kumweleza mzee yule, mwenye viganja vilivyochubuka, kwamba jasho lake halikuingia kwenye hesabu. Tangu hapo tulimweka mtu mmoja kazi yake ikiwa daftari peke yake, na kila jioni alilisoma mstari kwa mstari kabla watu hawajaondoka.

Gharama nyingine zinahitaji ushahidi wa bei. Ombeni bei kwa maandishi kutoka kwa mafundi na maduka zaidi ya moja, tatu zikipatikana, na muandike kwa nini mmechagua mliyemchagua. Ulizeni mapema kuhusu kodi ya ongezeko la thamani: chama kisichoweza kurudishiwa kodi hiyo kinaweza kuiweka kwenye gharama, na kwa kazi ya ujenzi kiasi hicho si kidogo.

Hatua ya tano: ombi lenyewe

Finland maombi hupitia huduma ya mtandaoni iitwayo Hyrrä, ambayo unaingia kwa utambulisho wa benki. Ambatanisha katiba ya chama, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba, hesabu za mwaka uliopita, bei mlizokusanya, na hati ya umiliki au mkataba wa kupanga jengo. Mkataba uwe mrefu. Hakuna bodi itakayotia fedha kwenye jengo ambalo mwenye nalo anaweza kuwatoa mwakani.

Andika kwa sentensi fupi. Kifini changu kilikuwa na makosa, mshauri akanisahihisha, na hakuna aliyelalamika.

Jambo moja tu la kushika sana: usianze kazi wala kusaini mkataba na fundi kabla ombi halijapokelewa rasmi. Gharama za kabla ya tarehe hiyo hazilipwi. Baada ya kupokelewa mnaweza kuanza, lakini kwa hatari yenu, kwa sababu uamuzi bado.

Hatua ya sita: kusubiri kwenye meza mbili

Ombi linaanza kwa bodi ya kikundi, ambayo hulipatia alama na kuamua. Kisha linakwenda ofisi ya serikali kukaguliwa uhalali, na hati rasmi ya uamuzi hutoka huko. Ndiyo maana mtu husikia "mmepita" kisha miezi inapita bila karatasi. Ofisi ikiandika kuuliza maswali, jibuni siku hiyo hiyo mkiweza, na mjibu lililoulizwa tu.

Mkikataliwa, mna haki ya kupewa sababu kwa maandishi na ya kukata rufaa. Kabla ya rufaa, zungumzeni na kikundi. Ombi lililokosa alama mwezi wa tatu linaweza kurekebishwa likarudi kwenye duru inayofuata.

Hatua ya saba: fedha huja baadaye

Lisomeni hili kwa sauti kwenye kikao cha chama: kwa kawaida mnalipa kwanza, kisha mnarudishiwa. Fundi anataka fedha zake ndani ya wiki mbili. Dai lenu linakusanywa, linakaguliwa, na Ruokavirasto, mamlaka ya chakula ya taifa inayoshika mfuko huu, ndiyo inayolipa. Katikati hapo chama kidogo kinaweza kukauka kabisa.

Dawa zipo. Halmashauri nyingi za Finland hukopesha vyama fedha za kuvukia hadi marejesho yafike; ombeni mkopo huo kabla ya kuanza ujenzi, siyo siku ambayo fundi amepiga simu. Gaweni mradi katika vipande ili mdai malipo kwa awamu. Au kwa mradi mdogo, ulizeni kuhusu malipo ya mkupuo: mnakubaliana tangu mwanzo kiasi na matokeo, na matokeo yakithibitishwa fedha zinatoka bila kukagua risiti moja moja. Jihadharini tu, mkikubaliana ngazi na mlango mpana wa kiti cha magurudumu, mkajenga ngazi peke yake, mnaweza kukosa fedha zote.

Kila ankara iwe na jina la chama, isiwe jina la mtu. Kila malipo yapite benki. Piga picha kabla, wakati na baada. Tundika bango lenye bendera ya Umoja wa Ulaya. Ni sharti, na mkaguzi huliangalia. Mkimaliza, wekeni karatasi zote kwenye boksi moja na muandike juu yake mwaka wa kuruhusiwa kuzitupa, kama hati ya uamuzi inavyosema.

Hatua ya nane: ingia ndani

Ushirikiano huu hauko salama kwa kuwa tu umeandikwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ilikuta vikundi ambamo halmashauri ndizo zilizotawala kura, na vingine vilivyotoa ruzuku kwa wanachama wake bila ulinzi wa kutosha dhidi ya mgongano wa maslahi. Ripoti yao ya mwaka 2022 ilikubali kwamba mpango unawashirikisha wananchi, ila ikasema faida za ziada bado hazijathibitishwa vya kutosha. Ireland nayo, sheria ya mwaka 2014 ilipounda kamati mpya zilizofungamana na mabaraza ya kaunti, kampuni za maendeleo za wananchi zilipinga vikali, zikihofia kwamba nguvu inarudi serikalini. Nami naamini hofu ya namna hiyo ni ya haki. Kiti kisichokaliwa na mwananchi hakibaki wazi, hukaliwa na ofisi.

Kwa hiyo mradi wenu ukikamilika, lipia uanachama wa kikundi. Finland ni vyama vilivyo wazi na ada huwa ndogo. Hudhuria mkutano mkuu, na upeleke jina lako kugombea theluthi ya wakazi. Vikundi vingi huweka ukomo wa miaka ya kukaa kwenye bodi, hivyo viti hufunguka. Hawahitaji msomi, wanahitaji mtu anayejua basi la mwisho kijijini hupita saa ngapi.

Siku ombi la chama chako au la ndugu yako likiletwa mezani, sema mapema kwamba una maslahi, inuka, toka nje ya chumba, na usirudi hadi kura zihesabiwe. Kisha kabla ya kusaini muhtasari, hakikisha imeandikwa humo kwamba ulitoka, na saa uliyotoka.